Turubai la Fundi Pankrasi

Jumatano ile Landrova ya Bashiru ilirudi Majengo, mjini Songea, ikivutwa kwa kamba na trekta, tope limeifunika mpaka kwenye vioo, na inanukia togwa. Watu waliokuwa dukani kwake wakinunua sabuni na chumvi walitoka barazani kuitazama. Tope halikuwashangaza. Ilikuwa Machi, mwaka wa tisini na sita, na mwezi huo hakuna gari lililokwenda Ifinga likarudi na rangi yake. Lakini togwa! Mtu anaweza kunuka togwa, mtungi unaweza kunuka togwa, gari linaanzaje?

Fundi Pankrasi Nyoni aliisikia harufu hiyo kabla hajaliona gari lenyewe. Alikuwa uani nyuma ya duka, kwenye kile kiwanja cha matairi mabovu na mapipa kilichoitwa karakana kwa heshima tu, hatua kumi kutoka vyumba viwili alimokaa na mkewe Kunegunda na binti yao Wema. Mkono wake wenye grisi ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Humo ilikuwamo barua, imekunjwa mara nne. Aliipapasa kama mtu aliyesikia kuna mwizi sokoni.

Barua ilitoka kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wa Njombe. Ilisema kwamba Bw. P. Nyoni amekubaliwa kazi ya fundi wa karakana, kwamba atapewa nyumba, kwamba kazi inaisha saa kumi jioni na Jumapili ni mapumziko. Aripoti Jumatatu saa mbili kamili asubuhi. Asipofika, nafasi atapewa mwingine. Kunegunda alikuwa ameisoma mara nyingi mpaka mstari wa Jumapili ukaanza kufifia.

Leonce, dereva, alishuka akiwa mwekundu kwa tope tangu viatu hadi kope. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, baba wa watoto wawili kule Lizaboni, mpole na mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia Leonce kaa hapa, kesho utamkuta hapo hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetia nini humu ndani?"

Leonce aliangalia viatu vyake. "Togwa, mzee."

"Togwa?"

"Nilizama kule kwenye mteremko wa kuingilia Ifinga. Tope lilikuja mpaka juu ya boneti, nikawa nalima kama nguruwe. Kutoka tu, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu na rejeta inapiga mluzi. Maji yote yaliyokuwapo ni ya madimbwi. Na wewe uliniambia, Leonce, hata ukifa, usitie maji machafu kwenye rejeta."

"Nilikuambia."

"Sasa palikuwa na nyumba wanavuna maharage kwa ujima, wamepikiwa togwa mitungi minne. Nikafikiri, togwa ni safi. Hata mtoto mdogo anapewa."

Pankrasi hakujua acheke au alie. Aliyemfundisha Leonce kuogopa maji machafu ni yeye mwenyewe, na Leonce alikuwa ametii neno kwa neno. Togwa ni uji wa nafaka na kimea, na unga wake ukipata moto wa injini huwa ugali, na ugali ule sasa ulikuwa umeganda ndani ya vibomba vya rejeta ambavyo hata njiti ya kiberiti inapita kwa shida. Nje nako tope la Ifinga lilikuwa limekauka kama tofali. Rejeta ilikuwa imeziba ndani na nje, na mwenye kuizibua ni mtu mmoja tu Songea nzima. Watu wote walijua hivyo, kwa sababu Pankrasi mwenyewe ndiye aliyehakikisha wanajua hivyo.

Bashiru alitokea kwa mlango wa uani, kofia nyeupe kichwani, akilikwepa tope kwa ncha za kandambili. Alikuwa Myao wa Tunduru, mwenye sauti laini. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamkimbia na usiku unalala vizuri.

"Fundi wangu," alisema, "barua yako nimeikumbuka. Wallahi sikuzuii. Riziki haina mipaka. Mimi nakuomba kitu kimoja tu, uniachie gari zima na mtu wa kulitunza. Mfundishe Leonce. Jumapili nenda zako, na baraka zangu uchukue."

"Nimesikia, tajiri."

Bashiru alimgeukia Leonce, na sauti yake haikubadilika. "Na wewe jifunze vizuri. Gari hili likichemsha tena, usinirudie hapa. Mke wangu anakuza wajukuu, mimi siwezi kukuza dereva wa kuvutwa na trekta."

Ili kuelewa jinsi fundi mzima wa miaka arobaini na saba alivyofungwa kwenye gari moja kama mbuzi kwenye kigingi, lazima turudi nyuma kidogo, kwenye karakana ya shirika la umma alikofanyia kazi tangu ujana. Walikuwa mafundi kumi na wanne, kila mmoja na kabati lake. Aliyemfundisha mambo ya rejeta alikuwa Mzee Kassian Mbano, na Kassian hakuwa na siri. Alikuwa akimshika Pankrasi mkono na kumwekea pale pale panapotakiwa, huku akisema, "Tope hutoka lilikoingilia, bwana mdogo. Limeingia kwa mbele, wewe lisukume kwa nyuma."

Ndilo lilikuwa somo lote. Gari likipita kwenye tope, tope hujipachika kwenye vile vibati vyembamba vya rejeta vilivyosukwa kama sega la nyuki, na upepo wa kupoza maji haupiti tena. Asiyejua ataosha kwa mbele, panapoonekana. Uso utang'aa naye atajisifu, kumbe kila ndoo anayomwaga inalishindilia tope ndani zaidi. Anayejua hufungua kava la feni, akaingia upande wa injini, akasukuma maji na brashi kutoka nyuma kuja mbele, taratibu, mpaka tope litoke kwa njia yake.

Halafu yakaja mageuzi. Biashara ikawa ruksa kwa kila mtu, mitumba ikajaa sokoni, na mashirika ya umma yakaanza kubanwa. Siku moja meneja aliingia karakana na orodha ya watu wa kupunguzwa. Akauliza, kazi ya rejeta kuna watu wawili, je, mmoja anaiweza peke yake? Wenzao wakasema wote wawili wanaiweza sawasawa. Basi akakata jina la mzee. Kassian alikusanya spana zake kwenye kikapu cha mkewe ili arudi kijijini, akampa Pankrasi mkono, akasema, "Nilikufundisha vizuri." Hakukuwa na uchungu katika sauti yake. Uchungu wote alibaki nao Pankrasi, na chini ya uchungu kulikuwa na woga, na ule woga ndio ulioota mizizi.

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Pankrasi aliufanya usemi huo kuwa sala yake ya asubuhi. Tangu wiki ile, akifika kwenye hatua ya kuosha rejeta kwa nyuma, alitundika turubai la kijani kuzunguka boneti na kuingia ndani yake peke yake. Wenzake walimtania kwanza, kisha wakaanza kunong'ona. Wakasema ana dawa. Wakasema ameitoa Unyasa, wengine wakasema amerithi kwa babu yake. Yeye hakukubali wala hakukana. Lilipokuja fungu la pili la kupunguzwa, na la tatu, jina lake halikuguswa. Na karakana yenyewe ilipofungwa na magari kuuzwa kwa zabuni, Bashiru aliyenunua ile Landrova aliuliza nani anaiweza. Akaambiwa yuko mmoja tu. Ndipo Pankrasi akachukuliwa pamoja na gari, kama jeki na tairi la akiba.

Mwaka wa kwanza alimshukuru Mungu. Wenzake wengi walikuwa wamerudi vijijini kulima tumbaku, yeye ana kazi na vyumba viwili bure. Mwaka wa pili akaanza kuona ukuta. Landrova ilipeleka chumvi, sabuni na nguo vijijini ndani ndani huko kupita Madaba, ikarudi na maharage, na kila ikirudi ilikuwa imekula tope. Akipanga kwenda kwao Matimila, gari limechemsha. Pasaka, gari limechemsha. Siku Wema alipopokea Komunyo ya kwanza, baba yake alikuwa chini ya injini. Kunegunda aliwaambia wanakwaya wenzake, "Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa yuko uani, ana matairi manne." Wanakwaya walicheka, yeye hakucheka sana.

Mwaka wa tatu mama yake Pankrasi alifariki. Habari ilimkuta Ifinga, Landrova imekaa katikati ya mto wa tope, na hakuna mwingine wa kuinasua. Alifika Matimila siku ya tatu. Alikuta wanawake wanafagia majivu ya mekoni na masufuria ya watu yanarudishwa kwa wenyewe. Alipiga magoti kwenye udongo mbichi wa kaburi akiwa bado na grisi ya watu kwenye kucha, akaona aibu ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka. Mwezi huo ndipo alipoanza kuandika barua za kuomba kazi.

Alhamisi asubuhi walianza. Pankrasi alimpa Leonce daftari la shule na penseli, akamwambia aandike kila kitu. Wakafungua kizibo cha chini, yakatoka matone machache ya uji wa kahawia, basi. Wakatoa mipira ya maji, wakatoa themostati, wakaishusha rejeta na kuilaza kwenye magogo mawili. Pankrasi alimwonyesha jinsi ya kuchuja maji ya majivu kwenye kitambaa, ya majivu ya kuni ngumu, si ya mabua, kisha kuyachemsha na kuyamimina yakiwa ya moto.

"Majivu yanakula mafuta na unga," alisema. "Acha yalale humo mpaka mchana. Usiwe na haraka. Ukilazimisha kwa waya utatoboa."

"Usilazimishe kwa waya," alirudia Leonce, akiandika.

Mchana wakaipindua rejeta kichwa chini, wakapitisha maji ya bomba kutoka mdomo wa chini kwenda wa juu. Mara ya kwanza halikutoka kitu. Mara ya pili rejeta ikakohoa, likatoka bonge la ugali mweusi na kuanguka kwenye kiatu cha Leonce. Walicheka mpaka Kunegunda akachungulia dirishani. Wakarudia tena na tena, majivu, maji, majivu, maji, Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi, mpaka maji yakatoka meupe unayoweza kunywa.

Na kitu cha ajabu ni kwamba Pankrasi alifurahi. Kwa miaka hakuwa amemfundisha mtu yeyote kazi. Alimwona Leonce akiinama kwenye daftari, ulimi umetoka nje kidogo kwa bidii, akajisikia kama aliyekaa tena kwenye benchi la Kassian. Alimpenda Leonce saa ile. Akafikiri, kumbe ni rahisi namna hii.

Ikabaki kazi ya nje. Ijumaa alasiri waliirudisha rejeta mahali pake na kuifunga ili Leonce ajifunze kuiosha ikiwa garini, kama itakavyombidi kufanya huko porini. Tope kavu lilikuwa limejaa kwenye vibati. Leonce alisimama, penseli tayari.

"Sasa hapa nje, mzee?"

Pankrasi alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi: kwa nyuma. Akamwona meneja na orodha yake. Akamwona Kassian na kikapu. Akakumbuka pia kwamba barua ya kiwanda ilikuwa na mstari mdogo chini, miezi mitatu ya majaribio. Na wakimkataa baada ya hiyo miezi mitatu? Atarudi wapi, kama Leonce anajua yote? Mtu mwenye akili huacha mlango wa uani wazi. Neno moja tu alilibakiza, wala halikuwa wizi, lilikuwa lake.

"Hebu nenda kwa tajiri kwanza," alisema, "mwambie tunakaribia kumaliza."

Leonce alipoondoka, akatundika turubai, akafungua kava la feni, akaosha kwa nyuma kwa mikono yake iliyozoea. Leonce alirudi akakuta turubai limekunjwa na rejeta inapitisha mwanga.

"Hapo nje unaosha tu kwa maji," Pankrasi alimwambia bila kumtazama. "Hapo mbele, mpaka ing'ae."

Leonce aliandika. Alipiga mstari chini ya neno mbele, kisha akalifunga daftari na kulishika kwa mikono miwili.

"Mzee, sijui nikushukuruje. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kazi mpaka mwisho."

Pankrasi alisema si kitu. Halafu, kwa kuwa alihitaji kutoa kitu, chochote, akampa lile turubai. "Chukua. Mimi huko Njombe kuna karakana yenye paa."

Jumamosi Leonce aliondoka alfajiri na chumvi na sabuni kuelekea Ifinga, turubai limekunjwa vizuri kwenye kiti cha abiria. Injini ilinguruma bila kikohozi, mshale ukasimama katikati. Bashiru alisimama barazani akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa Pankrasi mkono, na ndani ya mkono huo mlikuwa na ruhusa aliyoisubiri muda mrefu.

Kunegunda alikuwa anafunga godoro kwa kamba. "Umemfundisha?"

"Nimemfundisha."

"Na kule nyuma ya turubai?"

Alikuwa mke wake. Majivu yalitoka jikoni kwake, na siri ya turubai alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Pankrasi alijifanya anatafuta kamba nyingine.

"Baba Wema," alisema Kunegunda, "mficha uchi hazai."

"Mama Wema, wewe hukumwona Kassian akibeba kikapu."

"Nilimwona. Na nilimwona pia siku ya mazishi ya mama yako. Alikuwa amefika siku ya kwanza, akachimba kaburi. Wewe ndiye uliyekosekana." Alikaza fundo kwa goti. "Hata hivyo kesho tunakwenda. Mungu akipenda, kesho tunakwenda."

Jumapili walihudhuria misa ya kwanza, wakapanda basi la Njombe, ambalo siku za Jumapili lilikuwa hilo moja tu. Godoro na sanduku vilikwenda juu ya paa. Pankrasi alivaa shati jeupe, barua mfukoni, na Wema akapewa kiti cha dirishani. Basi lilipoanza kupanda vilima vya kutoka mjini alihisi kitu kifuani kikilegea, kitu alichokuwa amekizoea mpaka akakisahau. Alimwonyesha Wema mashamba ya mahindi. Aliimba chinichini wimbo wa sadaka, na sauti yake ilikuwa mbaya, na Kunegunda akamwacha aimbe.

Walipofika Madaba, basi lilisimama ili abiria wanunue mahindi ya kuchoma. Konda alisema dakika kumi. Wema alisema, "Baba, gari letu lile."

Landrova ilikuwa kando ya barabara, upande wa pili, imerudi kutoka Ifinga na maharage yake na imefika lami ikashindwa. Tope jekundu juu mpaka chini. Mbele yake lilikuwa limetundikwa turubai la kijani, limefungwa kwa ustadi kwenye vioo vya pembeni na kuzunguka boneti, vile vile alivyokuwa akilifunga yeye. Chini ya turubai ilionekana miguu ya Leonce. Maji yalimwagwa, kisha yakamwagwa tena.

Pankrasi alishuka. Alijiambia anakwenda kumsalimu tu.

Leonce alilifungua turubai, na alipomwona nusura adondoshe ndoo. "Mzee! Mungu amekuleta. Nimeshaosha mara tatu. Ukiangalia inang'aa kabisa. Nikiwasha, hata dakika tano hazifiki, inachemsha." Alikuwa na tope kwenye nywele na macho mekundu. Alitoa daftari kifuani, alikolihifadhi lisilowe, akalifungua. "Nimefuata mstari kwa mstari. Hata turubai nimelifunga watu wasione. Niambie nimekosea wapi, mzee. Tajiri alisema likichemsha tena nisirudi."

Pankrasi aliangalia ukurasa. Mwandiko wa Leonce ulikuwa wa mtoto wa shule, herufi kubwa za mviringo. *Majivu ya kuni ngumu. Usilazimishe kwa waya. Maji kutoka chini kwenda juu.* Na mwisho kabisa: *Nje, osha MBELE mpaka ing'ae.* Penseli ilikuwa sikioni mwa Leonce. Kilichotakiwa ni kufuta neno moja na kuandika jingine. Leonce angefungua kava la feni mwenyewe, angetumia nusu siku, angelala kwake leo hii. Na basi lilikuwa pale, linanguruma.

Kunegunda alikuwa ametoa kichwa dirishani. Alikuwa ameelewa yote kutoka mbali, turubai, ndoo, daftari.

"Baba Wema!" aliita. "Mwambie! Ni neno moja!"

Leonce aligeuka kumtazama Kunegunda, akamgeukia tena Pankrasi, akisubiri hilo neno. Na hapo Pankrasi aliona jinsi litakavyopokelewa. Leonce ataliandika kwanza, kwa sababu ni Leonce. Kisha ataangalia mstari wa zamani, ataangalia uso wa mzee wake, na ataelewa kwamba alidanganywa kwa makusudi Ijumaa alasiri, na mtu aliyemshukuru. Atainamisha macho tu, kwa adabu. Pankrasi aliyatazama macho hayo mekundu akajua hawezi kuyaona yakiinama. Alitaka kulisema neno. Alitaka kwa moyo wote.

"Hujakosea," alisema. "Ni hili gari tu. Chukua ndoo mbili, nenda mtoni ukachote maji safi."

"Lakini mzee, basi lako..."

"Nenda, Leonce."

Leonce alikwenda mbio, kama alivyoambiwa.

Konda alipiga bati mara mbili. Pankrasi hakugeuka, lakini alijua bila kugeuka kwamba mlango wa basi haukufunguliwa, kwamba Kunegunda hashuki. Alitazama mwishowe. Mkewe alikuwa amekaa wima, amempakata Wema, ingawa Wema alikuwa mkubwa wa kutopakatwa tena. Hakupiga kelele wala kulia. Alimtazama mumewe mpaka basi lilipoondoka, na godoro lao likaondoka juu ya paa kuelekea Njombe, kwenye nyumba ambayo kesho saa mbili itakuwa ya mtu mwingine.

Pankrasi alivua shati jeupe, akalikunja pamoja na barua ndani yake, akaliweka kwenye kiti cha dereva. Alichukua spana na brashi chini ya kiti, zilikuwa pale pale zinapokaa siku zote. Akaingia ndani ya turubai na kulifunga nyuma yake. Humo mlikuwa na joto na giza la kijani, na harufu ya togwa bado ilikuwapo kwa mbali. Akaanza kulegeza skurubu za kava la feni. Yalipita magari mawili ya mizigo yakielekea kaskazini, akayasikia, akaendelea na skurubu.

Hatua za Leonce zilirudi, zikasimama karibu. Ndoo zikawekwa chini taratibu, moja, ya pili. Kisha viatu vyake, vilivyoonekana chini ya ukingo wa turubai, vikageuka, visigino kwa Pankrasi, vidole kwenye barabara.

"Maji haya hapa, mzee," alisema Leonce. "Niko huku. Siangalii."

Pankrasi alinyoosha mkono chini ya turubai, akavuta ndoo ya kwanza, akalowesha brashi.